Kocha amemwahidi kijana nafasi, mshauri wa shule anasema masomo hayatoshi: nani mwenye neno la mwisho katika futiboli ya vyuo vya Marekani?

#1 Mto Ruzizi
Salaam, wanajukwaa. Ninaye mtoto wa dada yangu, mwenye umri wa miaka 17, aliyefika hapa Iowa akiwa na miaka 14 kutoka kambi ya Nyarugusu, na ambaye hadi siku anapanda ndege mpira alioujua ni ule wa kupigwa kwa mguu. Leo ana kilo 128 na anacheza safu ya ulinzi katika timu ya futiboli ya Kimarekani ya sekondari yake. Mwezi uliopita tulialikwa kutembelea chuo kikuu kimoja cha Daraja la Kwanza, ngazi ya juu kabisa ya michezo ya vyuo. Kocha alituzungusha uwanja mzima, akamvalisha kijana jezi ya timu, akampiga picha chini ya taa kama bwana harusi, na tulipokuwa tunaagana akaniambia kwamba nafasi yake ipo na masomo yatalipiwa.

Wiki iliyofuata mshauri wa masomo wa sekondari aliniita, akatandaza hati ya matokeo mezani, na kwa kalamu nyekundu akaanza kukata mstari mmoja baada ya mwingine. Kiingereza cha wageni, miaka miwili: hakihesabiwi. Mapishi, karakana, mazoezi ya viungo: hayahesabiwi. Kati ya masomo 16 yanayotakiwa, kijana atakuwa na 7 tu muhula huu ukimalizika, na amebakiza mwaka mmoja wa sekondari.

Ninauliza mambo mawili. Kwanza, kati ya kocha na hati hii, nani ana neno la mwisho? Pili, nikiri kwamba ninashuku vigezo hivi ni pambo, kwa sababu kila Jumamosi ninawaona kwenye televisheni vijana ambao sidhani kama waliulizwa habari za jometri.

#2 Mshauri Mstaafu
Ndugu Mto Ruzizi, nilifanya kazi ya ushauri wa wanafunzi katika sekondari za huku kwa miaka mingi, na kosa ninaloliona kila mara ni la wazazi kudhani kwamba mlango ni mmoja. Milango ni miwili, na kila mmoja una bawabu wake.

Mlango wa kwanza ni wa NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, ambacho kituo chake cha kuhakiki sifa kipo Indianapolis. Hao hawamdahili mtu. Wanachosema ni kama mchezaji anaruhusiwa kucheza na kulipiwa masomo katika mwaka wake wa kwanza. Kwa Daraja la Kwanza wanataka masomo 16: Kiingereza miaka minne, hisabati mitatu kuanzia aljebra ya kwanza, sayansi miwili, sayansi ya jamii miwili, mwaka mmoja zaidi wa Kiingereza, hisabati au sayansi, na mengine manne ya kitaaluma. Wastani wa masomo hayo, na hayo peke yake, usipungue 2.3 kwa kipimo cha 4.0. Tena masomo 10 kati ya 16 yawe yamekamilika kabla mwaka wa mwisho wa sekondari haujaanza, na 7 kati ya hayo 10 yawe ya Kiingereza, hisabati au sayansi. Hapo ndipo mpwa wako alipokwama.

Mlango wa pili ni ofisi ya udahili ya chuo chenyewe, ambayo inaweza kumkataa kijana aliyepita Indianapolis kwa alama nzuri kabisa. Kocha hana ufunguo wa mlango wowote kati ya hiyo miwili. Anachoweza ni kubisha hodi kwa nguvu.

#3 Kisima cha Maneno
Anabisha hodi kwa nguvu, na mara nyingi anafunguliwa. Mjomba, ahadi ya mdomo ya kocha ni kama posa isiyo na mahari: kila upande una ruhusa ya kughairi, na aliyepiga picha na jezi ndiye anayebaki na aibu. Hata barua ya dhamira, ile waliyokuwa wakisaini vijana kila msimu mbele ya kamera, ilifutwa mwezi Oktoba 2024, na sasa kinachosainiwa ni mkataba wa ufadhili. Nao pia una sharti kwamba mchezaji awe amedahiliwa.

#4 Jicho la Mwewe
Ninakubaliana na mleta mada kuhusu pambo. Historia inaonyesha kwamba vigezo hivi havikuletwa kwa mapenzi ya elimu. Vililetwa kwa sababu ya fedheha. Jan Kemp, mwalimu wa Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Georgia, alifukuzwa kazi baada ya kulalamika kwamba wachezaji tisa wa futiboli walioshindwa somo la kurekebisha Kiingereza walipandishwa hivyo hivyo, akaenda mahakamani akashinda. Dexter Manley alisoma Oklahoma State kwa miaka minne, akawa nyota wa timu ya kulipwa ya Washington, halafu akasimama mbele ya kamati ya Seneti akakiri kwamba alipita chuo bila kujua kusoma. Baada ya aibu hizo mbili ndipo NCAA wakapitisha Pendekezo la 48, lililoweka vigezo hivi. Laiti pasingekuwa na aibu, pasingekuwa na sheria.

#5 Karani wa Kumbukumbu
Jicho la Mwewe, matukio ni ya kweli lakini umeyapanga kinyume. Pendekezo la 48 lilipigiwa kura mwaka 1983 na kuanza kutumika 1986. Hukumu ya Jan Kemp, ambayo baraza la mahakama lilimpa zaidi ya dola milioni 2.5 kabla hazijapunguzwa, ilitolewa Februari 1986. Manley alitoa ushahidi wake 1989. Haiwezekani tukio la 1989 lizae sheria ya 1983.

Kilichotangulia ni hiki. Kuanzia 1965 hadi 1973 kulikuwa na kanuni ya 1.600, iliyokadiria kwa alama za sekondari na mtihani kama mwanafunzi angeweza kupata angalau wastani huo akiwa chuoni. Ilipofutwa, kilichobaki ni wastani wa 2.0 wa sekondari, katika masomo yoyote yale. Masomo yoyote, sisitiza hapo. Mchezaji aliyejaza ratiba yake kwa karakana na mapishi alikuwa sawa na aliyesoma kemia. Pendekezo la 48 ndilo lililoleta kwa mara ya kwanza orodha ya masomo yanayohesabiwa, yakiwa 11 wakati huo, pamoja na alama 700 za SAT au 15 za ACT, mitihani ya kuombea vyuo. Kalamu nyekundu ya mshauri wa kijana wetu imetoka huko.

#6 Jicho la Mwewe
Nimesahihishwa, asante. Hoja ya aibu ninaishikilia, kwa sababu walimu kama Kemp walikuwa wakilalamika tangu mwanzo wa miaka ya 1980.

#7 Bint Saidi
Mnazungumza kana kwamba kanuni hizi ziliwaangukia watu wote kwa uzito mmoja. Mwaka 1983 waliosimama kupinga walikuwa wakuu wa vyuo vya kihistoria vya Weusi, wakiwemo wa Grambling na Southern. Hawakupinga masomo, walipinga mtihani, kwa sababu walijua nani angekatwa na alama 700. Sheria ilipoanza, wengi wa waliozuiwa kucheza walikuwa Weusi. Kisha Januari 1989 wakapitisha Pendekezo la 42, la kumnyima hata ufadhili mwanafunzi aliyetimiza nusu tu ya masharti. Maana yake ilikuwa wazi kwa kijana wa familia maskini: huchezi, na chuoni huingii, kwa sababu ada huna. Tarehe 14 mwezi huo kocha John Thompson wa Georgetown alitoka uwanjani kabla ya mechi na Boston College kuanza, akawaachia wasaidizi wake timu. Alikuwa kocha wa mpira wa kikapu, ninajua, lakini sheria ilikuwa moja, na mwaka uliofuata ikalegezwa.

Shauri lilifika hadi mahakamani. Tai Kwan Cureton, mwanariadha wa Philadelphia, na wenzake walishinda Machi 1999 katika mahakama ya wilaya, ambayo ilisema kiwango cha chini cha mtihani kinawabagua Weusi. Desemba mwaka huo huo mahakama ya rufaa ikaubatilisha ushindi huo, na wala haikusema kwamba mtihani ni wa haki. Ilisema tu kwamba sheria iliyotumika haigusi vigezo hivyo vya NCAA, kwa kuwa havikuwa mpango unaopokea fedha za serikali.

#8 Mzee wa Busara Kidogo
Bint Saidi, simulizi yako ni sahihi lakini ina upande mmoja. Weusi wenyewe hawakuwa na sauti moja. Arthur Ashe, bingwa wa tenisi, aliunga mkono Pendekezo la 42. Profesa Harry Edwards, ambaye hakuna atakayemwita kibaraka wa mtu, aliunga mkono lile la 48. Hoja yao ilikuwa kwamba ukimwambia kijana asomee 400 atasomea 400, na ukimwambia 700 atajitahidi kufika.

Tena mfano upo ndani ya futiboli. Tony Rice aliingia Chuo Kikuu cha Notre Dame mwaka 1986, katika kundi la kwanza kabisa lililokutana na sheria hiyo, hakutimiza alama za mtihani, akakaa nje msimu mzima akisoma. Mwaka 1988 ndiye aliyekuwa mrusha mpira wa timu iliyotwaa ubingwa wa taifa.

#9 Bint Saidi
Mzee wangu, Rice anathibitisha hoja yangu mimi. Mtihani ulisema hataweza, naye akaweza.

#10 Mzee wa Busara Kidogo
Au aliweza kwa sababu alikalishwa nje mwaka mmoja akasoma. Hilo hatuwezi kulijua, binti yangu, maana Rice ni mmoja tu na hakuna pacha wake aliyeruhusiwa kucheza.

#11 Lindi Boy
Naomba niwatoe kwenye sheria niwapeleke darasani. Nilisoma shahada ya pili katika chuo kimoja cha kusini mwa Marekani ambacho uwanja wake unachukua watu wengi kuliko mji wote wa kwetu, na kazi iliyonilipia kodi ya nyumba ilikuwa kuchungulia. Idara ya michezo ilinipa orodha ya majina, picha na vyumba vya madarasa. Kila siku saa mbili kasoro dakika tano asubuhi nilisimama nje ya mlango, nikatazama kupitia kile kioo chembamba, na kuweka alama: yupo, hayupo, amechelewa. Nilipewa maelekezo ya kurudi tena kabla kipindi hakijaisha, kwa sababu wapo waliokuwa wakiingia kwa mlango wa mbele na kutokea wa nyuma.

Kuna mmoja alikuwa anacheza safu ya mbele, mtu mkubwa kiasi kwamba kiti cha darasani chenye kimeza cha kukunja hakikumtosha, wakamwekea meza ya peke yake karibu na dirisha. Alikuwa ametoka mazoezini tangu saa kumi na moja alfajiri. Alikaa na mfuko wa barafu umefungwa gotini, barafu inayeyuka, maji yanatiririka hadi kwenye viatu vya jirani yake, naye ameshika kalamu na macho yamefumba. Nikaweka alama ya "yupo". Mpaka leo ninajiuliza kama nilisema kweli.

Ndiyo maana ninasema kigezo cha kuingilia si jambo kubwa kama mnavyolifanya. Kijana mwenye 3.5 akipewa ratiba ile atasinzia, na mwenye 2.3 atasinzia vilevile.

#12 Kisima cha Maneno
Lindi Boy umesomea shahada ya pili ya kuchungulia dirishani, hongera sana. Huku kwetu kazi hiyo hufanywa bure na majirani.

#13 Nahodha wa Dau
Wote mmegusa fedha, rangi na aibu, lakini hakuna aliyegusa kile ninachokiona kuwa mzizi, nacho ni kutoaminiana. NCAA si serikali iliyoshuka kutoka juu. Ni vyuo vyenyewe vinavyopiga kura. Chuo A kinataka kupandisha viwango, ila kinajua kwamba mchezaji kitakayemkataa Jumatatu atakuwa amevaa jezi ya chuo B Ijumaa na kuwafunga mwezi wa kumi. Kwa hiyo wanafungana kamba wote pamoja ili asiwepo wa kuchomoka.

Angalieni Ivy League, ambako jambo hili liko wazi kuliko kwingine. Vyuo vinane, havitoi ufadhili wa michezo hata senti, na bado tangu miaka ya 1980 vina hesabu yao inayoitwa Faharasa ya Kitaaluma, inayochanganya alama za sekondari na za mitihani kuwa namba moja kwa kila mchezaji. Wachezaji wa futiboli hupangwa kwa makundi kulingana na namba hizo, na wastani wa wanamichezo wa chuo haupaswi kuachwa mbali na ule wa wanafunzi wenzao wa chuo hicho hicho. Hiyo ina maana kwamba kijana anayepokelewa katika chuo kimoja cha kundi hilo anaweza kukataliwa katika kingine. Wasomi wakubwa wa dunia wameketi chini wakatengeneza kikokotoo cha kuchungana wao kwa wao.

#14 Mama Tatu
Na pamoja na kikokotoo hicho, kesi ya udahili ya Harvard, kimojawapo cha vyuo hivyo vinane, iliyofika Mahakama ya Juu na kuamuliwa 2023 ilitoa takwimu mahakamani zilizoonyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya wanamichezo waliokuwa wamechaguliwa na makocha walikubaliwa, katika chuo ambacho kwa waombaji wa kawaida hukataa karibu kila mtu. Tusisahau pia kashfa ya 2019, ambapo matajiri walimlipa dalali Rick Singer ili watoto wao waingizwe vyuoni kama wapiga makasia na mabaharia wa mashindano, wengine wakiwa hawajawahi kushika kasia. Wajanja wale hawakuiba mitihani tu. Waliiba mlango wa kocha, kwa kuwa walijua hauna foleni.

#15 Nahodha wa Dau
Mama Tatu, hapo turekebishe kidogo: mlango huo wa makasia na tenisi unawafaa wenye fedha kwa sababu hakuna anayetazama michezo hiyo. Katika futiboli huwezi kughushi mchezaji. Ukimleta mtoto wa tajiri ukamweka safu ya ulinzi, dakika ya kwanza watu 70,000 watajua.

#16 Mama Tatu
Hilo nimelipokea. Futiboli haighushiwi mwili, inaghushiwa hati.

#17 Karani wa Kumbukumbu
Kauli hiyo ya mwisho ina ushahidi mrefu. Ilipofika 2003 kiwango cha chini cha mtihani kiliondolewa, ikabaki mizani inayoteleza: kadiri wastani wa masomo ulivyopanda, ndivyo alama za mtihani zilivyoruhusiwa kushuka, hadi mwenye wastani wa 3.55 akahitaji SAT ya 400 tu, ambayo ndiyo alama ya chini kabisa inayotolewa. Uzito wote ukahamia kwenye hati ya matokeo, na biashara ya hati ikashamiri. Mwaka 2005 magazeti yalifichua shule moja ya masomo kwa posta huko Miami iliyokuwa ikiwauzia wachezaji alama nzuri bila walimu wala madarasa. Michael Oher naye, aliyekuja kuwa mchezaji maarufu wa futiboli, kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Mississippi mwaka huo huo, alipandisha wastani wake kwa kozi fupi za intaneti za Chuo Kikuu cha Brigham Young, jambo ambalo wakati huo lilikuwa halali kabisa. Baadaye, mwaka 2010, NCAA wakaacha kuzikubali kozi hizo. Ile kanuni ya masomo 10 kabla ya mwaka wa mwisho, iliyoanza 2016, iliwekwa hasa kuziba tundu hilo, ili mtu asilale miaka mitatu kisha akayanunua masomo yote majira ya joto.

Januari 2023 mtihani wenyewe ukaondolewa katika masharti. Leo ni hati peke yake.

#18 Bint Saidi
Kwa hiyo Grambling na Southern walichokisema mwaka 1983 kilikubaliwa baada ya miaka 40, bila mtu kuwaomba radhi.

#19 Ticha Kibaoni
Mimi ni mwalimu wa hisabati katika sekondari ya Texas, na ningependa mjue hati inavyotengenezwa kwa upande wa chini. Tangu 1984 jimbo hili lina sheria kwamba mwanafunzi anayepata chini ya 70 katika somo anasimamishwa kucheza. Ijumaa ya kufunga alama simu yangu hulia kuanzia mchana. Hakuna anayeniambia nibadilishe alama, hasha, wote ni watu wa heshima. Wananiuliza tu kama kuna "kazi ya ziada" ambayo kijana anaweza kuikamilisha kabla ya saa kumi. Nikimpa 69 nimemnyima mchezo mbele ya mji mzima, na nikimpa 70 nimeongeza tofali moja katika hati ambayo Indianapolis wataisoma kana kwamba iliandikwa na malaika. Nimewahi kutoa 69. Mwaka uliofuata nilipangiwa kufundisha darasa lingine.

#20 Jicho la Mwewe
Ticha, ushuhuda wako unanirudisha kwenye hoja yangu kwamba hata mlango ukiwa imara, nyumba haina ukuta wa nyuma. Chuo Kikuu cha North Carolina huko Chapel Hill kilikuwa na sifa ya udahili mkali, na bado kuanzia 1993 hadi 2011 kiliendesha madarasa ya karatasi: hakuna mwalimu, hakuna kipindi, unaandika insha moja na karani anakupa alama. Ripoti ya Oktoba 2014 ilihesabu wanafunzi zaidi ya 3,100 waliopita humo, karibu nusu yao wanamichezo. Oktoba 2017 NCAA wakasema hawawezi kuadhibu kwa sababu madarasa hayo yalikuwa wazi kwa wanafunzi wote. Fikirini ukubwa wa utetezi huo: hatukuwapendelea wachezaji, kwa maana tuliwadanganya wote.

#21 Mshauri Mstaafu
Naomba tuwe na kiasi. Wapo wanaodahiliwa chini ya kiwango cha kawaida na wakahitimu kwa heshima. Chuo Kikuu cha California kina sera iliyoandikwa inayoruhusu hadi asilimia 6 ya wanafunzi wapya waingie kwa njia ya kipekee, na si kwa wanamichezo pekee. Wamo wanamuziki na waliosomea katika mazingira magumu. Chuo cha Wanamaji kule Annapolis kina shule yake ya maandalizi huko Newport, Rhode Island, ambako vijana wenye mapengo, wachezaji wengi wakiwemo, husoma mwaka mzima kabla ya kuingia. Kinachonitia wasiwasi ni kumwingiza mtoto bila kumwandaa. Kumwingiza kwa msamaha hakunisumbui.

#22 Mbio za Iten
Niongeze la kwetu Wakenya, ijapokuwa mimi ni wa mbio. Wengi wetu tumepita Indianapolis kwa vyeti vya KCSE, kwenye njia iliyozoeleka tangu enzi za Henry Rono kule Washington State na Mtanzania Suleiman Nyambui kule Texas El Paso. Mimi binafsi nilikaa miezi minne nikisubiri kwa sababu jina la katikati katika cheti lilitofautiana na la pasipoti kwa herufi moja. Kocha alinipigia kila wiki miezi miwili ya mwanzo. Halafu akapata mwingine.

#23 Rafiki wa Haki
Mimi nauliza swali la kizamani kwa wakati mpya. Tangu Julai 2021 wachezaji wanauza majina na picha zao, na tangu Julai 2025, baada ya mapatano ya kesi ya House, ambayo wanamichezo waliishtaki NCAA, chuo chenyewe kinaweza kuwagawia wanamichezo wake fedha, hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka ule wa kwanza. Ikiwa huyu sasa ni mfanyakazi anayelipwa, aljebra yake inamhusu nani? Hakuna anayemuuliza kocha, anayelipwa mara kadhaa ya mshahara wa mkuu wa chuo, alipata ngapi kwenye kemia.

#24 Mzee wa Busara Kidogo
Inamhusu yeye mwenyewe siku goti litakapokataa, ndugu yangu. Wanaofika ligi ya kulipwa ni wachache mno, na barafu ya Lindi Boy inayeyuka haraka.

#25 Rafiki wa Haki
Basi tumpe elimu kama haki yake, tusiifanye kizingiti cha kumzuia mlangoni. Hapo ndipo tunapotofautiana, na sioni tukikutana leo.

#26 Mto Ruzizi
Nimesoma michango yote, nashukuru. Nimekaa na mshauri wa shule tena. Majira haya ya joto kijana anaweza kuchukua masomo mawili, kwa hiyo atakuwa na 9 mwaka wa mwisho ukianza, halafu abebe 7 mwaka wenyewe ili zitimie 16. Kumi za kabla hazitapatikana. Je, ndiyo basi?

#27 Mshauri Mstaafu
Siyo basi. Asipofikisha 10, lakini akahitimu akiwa na 16 na wastani usiopungua 2.0, Daraja la Kwanza wana nafasi ya mwaka wa kukaa nje kwa sababu za kitaaluma: analipiwa masomo, anafanya mazoezi na timu muhula wa kwanza, ila hachezi mechi mwaka huo. Ni kama alivyofanya Rice. Kiingereza cha wageni cha ngazi ya juu wakati mwingine hukubaliwa, hivyo muulize mshauri kama shule iliwahi kuomba kihakikiwe. Na jambo moja la muhimu kuliko yote: kila sekondari ina orodha yake ya masomo yaliyoidhinishwa na NCAA, iko wazi mtandaoni. Kaeni na hati mkononi, mlinganishe jina kwa jina. Somo lisilokuwa kwenye orodha halipo, hata kama kijana alipata A.

#28 Mto Ruzizi
Tumelinganisha jana usiku, kijana akisoma hati na mimi nikishika orodha. Sayansi ya Mazingira ipo. Historia ipo. "Hisabati ya Maisha" haipo. Kumbe hata ile 7 ilikuwa 6, na kwa hesabu hiyo mwaka wa mwisho ukiisha atakuwa na 15.

#29 Mshauri Mstaafu
Akihitimu kwa wakati, kanuni inamruhusu kukamilisha somo moja zaidi ndani ya mwaka mmoja baada ya kuhitimu. Moja tu, si mawili. Hilo moja mlilinde. Majira haya achukue Kiingereza na jometri, asikubali kubadilishiwa na chochote.

#30 Ticha Kibaoni
Na jometri asiichukue ya mtandaoni kama kuna ya darasani. Mwambie akae mbele.

#31 Mto Ruzizi
Amejiandikisha zote mbili, za darasani, anaanza Jumatatu saa moja na nusu asubuhi. Jana ilikuwa siku yake ya kuzaliwa. Kocha alimtumia ujumbe mrefu wa pongezi wenye picha ile ya jezi. Kuhusu masomo hakuandika neno.